TAHADHARI: tapeli wa vitabu vya kale Frankfurt, kauza Theatrum Europaeum picha feki!!

Wadau, hasa mliopo Ujerumani, kuna jamaa anauza vitabu vya kale pale gulioni kando ya mto Main, huyo ni mwizi na nasema bila kumung'unya maneno. Nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Mnajua nilivyoisaka juzuu ya pili ya Theatrum Europaeum, ule mfululizo wa vitabu vya habari za vita na siasa za Ulaya, ile aliyoitoa mchoraji na mchapishaji Merian hapahapa Frankfurt 1633, yenye habari za jeshi la Tilly, jemadari wa Wakatoliki, kuichoma Magdeburg, mji wa Waprotestanti, Mei 1631, watu kama 20,000 wakafa. Sasa jamaa akaniita pembeni, akatandika kitambaa, akaifungua taratibu kama anafunua mtoto mchanga, akasema shika mwenyewe. Nikashika. Karatasi ya matambara kweli, nzito, ukiinyanyua juani unaona mistari yake ya ndani, herufi zile za Kijerumani cha zamani ukipapasa nyuma ya ukurasa unazisikia zimebonyea, mpaka tundu la mdudu lipo. Na historia anaijua, anakuelezea Waprotestanti na Wakatoliki wa vita ile ya miaka 30 utadhani alikuwepo. Nani asingeamini jamani?? Maandishi ni original kabisa, hata sasa nasema hivyo. Nilipogusa picha ya Magdeburg akanishika mkono, eti zimekunjwa, zina karibu miaka 400, zitachanika. Mtu anayependa vitabu anasikia hilo na anaheshimu. Nikatoa euro 1,800 taslimu, yeye risiti kaandika "kitabu cha zamani" basi.

Nyumbani nikaweka lenzi kwenye picha, nukta nukta tupu!! Picha za printa za juzijuzi, zimepakwa rangi ya chai na kubandikwa kwenye vishina vya zile alizozikata. Original lazima kaziuza mojamoja kwenye fremu, maana siku hizi ndiyo biashara yao, wanachinja kitabu halafu mzoga wanakuuzia wewe. Kitabu kimepona vita, moto na panya, kinakuja kufia kwenye wembe wa mshenzi mmoja. Nimempigia kaniblock.

Afungwe, anyang'anywe meza, asikanyage gulio lolote nchi hii. Polisi nimeshapeleka na kama na wewe kakuliza njoo inbox tuunganishe kesi, mmoja mmoja watatuzungusha tu.

Ah na kabla ya kutoa hela, picha za kitabu hiki zilichapwa kwa bamba la shaba, na picha ya hivyo kwa kawaida huwa na alama ya bamba kuzunguka, karatasi imedidimia pale, hizi zake hazina kitu. Na lile tundu la mdudu limetoboa ukurasa wa kabla na wa baada, picha ya katikati nzima!

Anayo na juzuu ya kwanza, ile ya 1635 (ndiyo, ilitoka baada ya ya pili), aliniwekea "kama mteja wake". Akikuitia hiyo, ondoka.