Waya upi wa umeme ununue: aina tano kwa mpangilio wa ukinzani na uimara

Maandishi ya "2.5 mm²" kwenye ganda la waya, yaani eneo la mkato wake, hayatoshi kukuambia unachonunua. Nyaya mbili zenye unene uleule zinaweza kupishana ukinzani, yaani jinsi zinavyozuia umeme kupita, kwa zaidi ya nusu. Ukinzani huo ndio unaoamua kama pampu itawaka kwa nguvu au itaunguruma tu, na kama soketi itabaki baridi au itayeyuka. Ndiyo maana hapa bei haikuhesabiwa. Tumeangalia ukinzani wa metali na uimara wa maungio yake.

Ya kwanza: shaba tupu. Waya wa shaba wa mita 1 wenye eneo la mkato la milimita mraba 1 una ukinzani wa omu (kipimo cha ukinzani) 0.0172 hivi kwenye nyuzi joto 20. Kiwango cha kimataifa IEC 60228 kinaweka kikomo kwa kila kilomita ya waya wa uzi mmoja mgumu: omu 12.1 kwa 1.5 mm², 7.41 kwa 2.5 mm², 4.61 kwa 4 mm² na 3.08 kwa 6 mm². Waya laini wa nyuzi nyingi nyembamba unaruhusiwa kuzidi kidogo, wa 2.5 mm² mwisho wake ni omu 7.98. Chukua mgumu kwa nyaya za ukutani, na laini kwa kifaa kinachohamishwa.

Ya pili: shaba iliyopakwa bati. Ukinzani wake unazidi wa shaba tupu kwa asilimia chache tu, lakini haishiki kutu ya kijani haraka. Penye unyevu au chumvi, hii ndiyo inayopanda nafasi ya kwanza.

Ya tatu: alumini halisi. Ukinzani wake ni mara 1.6 ya shaba, hivyo ili ifanye kazi ileile inahitaji mkato mkubwa kwa kiasi hicho. Hata ikinenepeshwa hivyo, uzito wake ni karibu nusu ya shaba, na kwa kebo nene za masafa marefu hilo ni faida kubwa. Kasoro yake iko kwenye maungio. Uso wa alumini hujifunika mara moja kwa utando usiopitisha umeme, na metali yenyewe hulegea taratibu chini ya skrubu. Ungio likilegea, ukinzani hupanda, joto huongezeka, na joto hulilegeza zaidi. Usiisokote pamoja na shaba kamwe. Tumia viungio vilivyotengenezwa kwa ajili ya metali zote mbili.

Ya nne: alumini iliyovikwa shaba. Hii ndiyo inayowaliza wengi, kwa sababu nje ina rangi ya shaba na mara nyingi huuzwa kama shaba. Ukinzani wake ni zaidi ya mara 1.5 ya shaba, na nyuzi zake hukatika upesi zikikunjwa. Inafaa kwa spika na mikondo midogo. Isiingie ukutani wala kwenye ekstensheni ya jiko au pasi.

Ya tano: chuma kilichovikwa shaba. Ukinzani wake kwa kawaida ni zaidi ya mara mbili ya wa shaba. Kina kazi zake, kama fimbo za kuunganisha umeme na ardhi, lakini kama waya wa kulisha vifaa, kiache.

Ukishachagua metali, hesabu urefu. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo mita 10 za kebo ni mita 20 za waya. Tuseme betri ya volti 12 inalisha mzigo wa ampea 10 ulio umbali huo. Shaba ya 2.5 mm² ina omu 0.148, na volti 1.5 zinapotea njiani, yaani zaidi ya asilimia 12. Kwa 6 mm² zinapotea 0.62, na kwa 10 mm² 0.37. Nunua ya 10. Kwenye volti 230, upotevu uleule wa volti 1.5 haufiki hata asilimia 1, na ndiyo sababu mifumo ya sola ya volti ndogo hudai nyaya nene kuliko watu wanavyotarajia.

Joto nalo lina sehemu yake. Ukinzani wa shaba hupanda asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja. Waya uliofika nyuzi 70, kikomo cha ganda la kawaida la plastiki ya PVC, umeongeza karibu asilimia 20. Ekstensheni iliyoachwa imeviringwa huku ikibeba mzigo mkubwa hushindwa kutoa joto lake na huweza kuyeyuka, hata kama waya ni mzuri.

Kabla ya kulipa, kwangua uzi mmoja kwa kisu: weupe ndani ya wekundu ni alumini, wekundu chini ya weupe ni bati juu ya shaba. Leta sumaku, ikinasa, ni chuma. Pima kipenyo kwa mikrometa: uzi mmoja wa 2.5 mm² ni milimita 1.78. Ukikuta 1.6, umepewa 2 mm² tu. Pima na uzito pia: shaba iliyo ndani ya mita 100 za waya mmoja wa 2.5 mm² ina kilo 2.2, kabla ya kuhesabu ganda. Rola nzima ikiwa chini ya hapo, irudishe.