Apu ya tiketi za basi Polandi: nyota 2, na kisa ni Dąbrowa

Jamani mlioko Kraków na mnaokuja kusoma, hii apu naitumia mwaka wa pili sasa, kulipa chap chap, tiketi inaingia hapo hapo kwenye simu, kwa hilo sina neno kabisa. Shida ni majina ya miji.

Juzi Jumamosi nilikuwa naenda Zalipie, kile kijiji wanachochora maua kwenye kuta, visima, mpaka banda la mbwa, na mashindano yao ya kuchora nyumba yapo tangu 1948. Mwenyeji wangu kaniambia shukia Dąbrowa nitakufuata. Nikaandika Dąbrowa, apu ikaleta Dąbrowa, nikalipa, basi likaondoka mi nikalala zangu, kuja kushtuka niko Dąbrowa Górnicza, karibu na Katowice, magharibi huko, wakati nilitakiwa Dąbrowa Tarnowska, upande wa Tarnów, mashariki!

Mama wa kibanda cha chai pale stendi ndo kanielewesha. Dąb ni mwaloni (mti, siyo mwaloni wa samaki wa Kirumba), na dąbrowa, tamka "dombrova", ni msitu wa mialoni. Yaani ni kama Mbuyuni zetu, palipokuwa na mti jina likabaki, ndo maana Dąbrowa ziko kibao nchi nzima na kubwa zake zinapewa jina la pili: Górnicza ya migodi maana palichimbwa makaa ya mawe, Tarnowska ya Tarnów, Białostocka ya kule Białystok. Hata ukoo wa Dąbrowski umetoka humo humo, na wimbo wao wa taifa unamtaja jenerali wa jina hilo.

Sasa hilo jina la pili ndo kila kitu, na apu inalikata! Kwenye skrini unaona "Dąbrowa" na vinukta vitatu, basi. Nimewaandikia mara mbili wakanijibu asante kwa maoni. Mpaka warekebishe, we bonyeza jina uone namba ya posta kabla hujalipa: 33-200 ni Tarnowska, 41-300 ni Górnicza.

Zalipie nilifika jioni, nyumba ya Felicja Curyłowa, mchoraji maarufu wa hapo, ambayo ndo makumbusho imeshafungwa, nikaishia kuangalia maua ya nje, mengine yamechorwa mpaka kwenye ndoo ya kisima. Mazuri sana aisee, nitarudi mwezi ujao, ila kwa treni mpaka Tarnów.