C-SPAN: Kulitazama Bunge la Marekani Bila Madoido

Anayetaka kuzifahamu siasa za Marekani pasipo kuyumbishwa na wachambuzi wenye ushabiki, nampendekezea C-SPAN, runinga isiyo ya kibiashara iliyoanza mwaka 1979 kurusha moja kwa moja vikao vya Baraza la Wawakilishi, na ambayo mwaka 1986 iliongeza chaneli ya pili kwa ajili ya Seneti. Haiendeshwi na serikali. Hulipiwa kwa sehemu kubwa na kampuni za kebo na setilaiti.

Hotuba hazikatizwi, wala hakuna wa kukufafanulia ulichokisikia mwenyewe. Kipindi cha asubuhi, Washington Journal, hupokea simu za wananchi kupitia laini tofauti za Democratic, Republican na wasiofungamana na chama. Baadhi ya wapigaji, niseme ukweli, huchosha.

Dosari kubwa iko ukumbini, na si ya runinga yenyewe. Kwa kawaida kamera huongozwa na Bunge, hivyo mtazamaji humwona zaidi msemaji kuliko minong'ono ya pembeni. Januari 2023, wawakilishi wakiwa bado hawajapitisha kanuni zao, C-SPAN iliruhusiwa kuingiza kamera zake, tukaona mabishano na mapatano yaliyomfikisha Kevin McCarthy kwenye uspika katika duru ya 15 ya kura. Kwa maoni yangu, ruhusa hiyo ingefaa iwe ya kudumu, kwa kuwa sera nyingi huamuliwa katika mazungumzo hayo kabla hotuba hazijasomwa. Maktaba yake ya video mtandaoni, yenye kumbukumbu tangu 1987, ni hazina kwa mwanafunzi yeyote wa siasa.