Pampu ya mafuta kwa Forester yenye turbo: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ingia Shauri Moyo pale Ilala, au Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, uombe pampu ya mafuta ya Subaru yenye turbo. Swali la kwanza utakaloulizwa ni "unataka ya lita ngapi?" Hapo ndipo wengi wetu tunapoliwa. Ni lita ambazo pampu inasukuma kwa saa: boksi moja limeandikwa 255, jingine 340, jingine 450, na mkono unajiendea wenyewe kwenye namba kubwa.

Nazungumzia Forester SG5, ile ya 2002 hadi 2007 yenye injini ya EJ20 ya turbo, kwa kuwa ndiyo ninayoendesha na tangi lake nimeshalifungua mara tatu. Mwenye Impreza ya turbo ya miaka hiyo naye atapata chake humu. Mwenye Toyota Mark X ya 2.5 asinunue chochote kwa maneno yangu: injini yake ya 4GR hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, na ina pampu ya pili ya presha kubwa inayoendeshwa na kemshafti. Kubadilisha ile ya kwenye tangi peke yake hakutamfikisha mbali.

Kabla ya kutoa hela, piga hesabu. Injini ya turbo ya petroli, ukiikanyaga mafuta hadi mwisho, hula takriban lita 0.37 kwa saa kwa kila nguvu farasi moja. SG5 ilitoka Japani na nguvu farasi 220. Tuseme umebadilisha ekzosi, umetuni kontroli boksi (kompyuta ya injini), unalenga 300. Hiyo ni lita 111 kwa saa. Weka na robo ya akiba juu yake, unafika 139. Basi, ndiyo kiu yote ya gari lako.

Sasa mbona usinunue ya 140 ukalala salama? Kwa sababu pampu hutoa lita nyingi pale inapokuwa haijabanwa, na kwenye gari la turbo inabanwa kweli. Presha ya kawaida ya mafuta kwenye gari hili ni baa 3, ukiwa umechomoa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta. Turbo ikianza kupuliza, regyuleta hupandisha presha hiyo sambamba na busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo: busti ikifika baa 1, mafuta yanatakiwa yawe baa 4. Hapo lita zinashuka. Kwa hiyo mwambie muuzaji akuonyeshe chati ya lita kwenye baa 4 na volti 13.5. Akikuonyesha maandishi ya boksi, huyo anauza boksi.

Namba moja kwangu ni Walbro ya 255, GSS342, iliyo halisi. Inaingia kwenye kishikio cha pampu ya zamani bila vita, na kwa gari la nguvu farasi 300 inabaki na akiba ya kutosha hata ikiwa imebanwa. Haili umeme kupita kiasi. Bei yake ughaibuni inazunguka dola 100 za Marekani, kabla ya usafiri na ushuru. Inaimba kidogo, utaisikia nyuma ukiwa kwenye foleni ya Ubungo na redio umeizima, uizoee. Tatizo lake kubwa ni umaarufu: imeigwa kuliko pampu zote. Ukiuziwa "Walbro" kwa robo ya bei, hiyo siyo punguzo. Nunua kwa mtu anayekupa risiti yenye namba ya kipuri na anayekubali kurudishiwa mzigo.

Namba mbili ni pampu mpya ya kiwandani, ile ile iliyokuja na gari. Najua, umekuja kusoma habari za kuongeza nguvu. Lakini nimeona magari mengi ambayo mwenyewe alidhani anahitaji pampu kubwa, kumbe ile yake imechoka kwa miaka 20 ya kutembelea taa ya mafuta. Pampu hupozwa na petroli inayoizunguka. Ukizoea kuweka mafuta ya elfu kumi kumi, inapika. Kama gari halijaguswa chochote, hii ndiyo namba moja na Walbro inashuka.

Namba tatu, AEM ya 340. Ni nzuri, sina ugomvi nayo, ila inaanza kuwa na maana unapopita nguvu farasi 350 na umeshabadilisha nozeli, zile zinazopuliza petroli kwenye injini. Chini ya hapo unalipia mafuta ya kuzungushwa tu kwenye mipira.

Walbro ya 450 naiweka ya nne, na wapo watakaonuna. Ikiwa kwenye regyuleta ya kiwandani, injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), mafuta yanayorudi ni mengi kuliko tundu la kurudishia linavyoweza kumeza. Presha inapanda pasipo kuitwa, plagi zinalowa, ekzosi inatoa moshi mweusi, na petroli inapata joto kwa kuzungushwa bure. Itakutaka waya mpya mnene, rilei yake, na regyuleta ya kurekebishika. Mwenye mradi wa nguvu farasi 500 anajua anachofanya. Wewe na mimi tuiache.

Ya mtumba kutoka Japani ni ya mwisho. Hujui imeshasukuma kilomita ngapi. Inafaa kukufikisha nyumbani ukikwama Chalinze, si kuongezea busti. Na zile za boksi jeupe lisilo na jina sizipangi kabisa.

Pampu nzuri ikifungwa vibaya ni hasara ile ile. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa halisi, na bado gari lilianza kukohoa kila nikipita busti ya nusu baa. Tulipofungua tangi, kipande cha mpira kati ya pampu na bomba la kutokea kilikuwa kimevimba na kulegea kama tambi iliyokaa kwenye mchuzi, na kilikuwa na ufa upande mmoja. Fundi alikuwa ameweka mpira wa mafuta wa kawaida. Ule hustahimili petroli ikiwa ndani yake tu. Hauwezi kulala umezama humo. Wa kuzamishwa huandikwa SAE 30R10, ni ghali, na unahitaji kipande kifupi tu. Nunua siku hiyo hiyo na klipu zake, pamoja na soksi mpya ya kuchujia. Hakikisha pia mpira wa kurudishia mafuta umerudi mahali pake, maana tangi la Forester lina mabonde mawili, na ni mafuta yanayorudi ndiyo yanayovuta yale ya bonde la pili.

Halafu umeme. Pima volti kwenye plagi ya pampu injini ikiwa imebebeshwa mzigo. Mimi nilikuta 11.6, wakati betri inasoma 13.9. Pampu ya 255 kwenye volti hizo siyo ya 255 tena. Nilivuta waya wa milimita 4 za mraba kutoka betri, fyuzi ikiwa karibu na betri, na rilei inayozimika injini ikizimika, ili ajali ikitokea pampu isiendelee kumwaga petroli.

Nozeli subiri. Mtuni wako akikuambia zinafunguka zaidi ya asilimia 85 ya muda, ndipo ununue. Na asikuachie gari bila kukuonyesha kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli ukiwa kwenye busti kamili: kikikaa kwenye 11 na pointi, sawa. Kikisogea 13, ondoa mguu.

Siku ya kwenda dukani beba pampu ya zamani mkononi, vua soksi yake, linganisha kimo, tundu la kutolea na plagi ya umeme palepale kaunta, kabla hela haijatoka mfukoni.