Bi. Sen na mbuzi yangu ya nazi

Kitabu chenyewe si kipya. Interpreter of Maladies cha Jhumpa Lahiri kilitoka 1999, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer. Mimi nimekiokota majuzi kwenye duka la mitumba hapa Leicester, pauni moja na nusu. Gundi imekauka, kurasa zinachomoka. Moja niliikimbilia chini ya viti vya basi.

Ni hadithi fupi tisa, nyingi za Wahindi walioko Marekani. Katika ya kwanza, umeme unakatwa saa nzima kila jioni kwa siku tano, na mke na mume wanaanza kuambiana gizani waliyofichana. Sisi wa mgao wa umeme Tanga tunajua giza linavyolegeza ulimi. Mwisho wake sisemi, ila usiisome kama mmenuniana.

Iliyonishika ni ya Bi. Sen, mke wa mwalimu wa hesabu chuo kikuu. Anamwangalia mtoto wa Kizungu wa miaka 11 baada ya shule. Kila siku anakaa sakafuni juu ya magazeti, anakatia mboga kisu kikubwa alichotoka nacho India, kimepinda, kimeshikizwa kwenye ubao. Anamsimulia mtoto kwamba kwao kukiwa na harusi, wanawake wa mtaa huja na visu vyao, wakakesha wanakata mboga na kucheka. Hapo nikakiweka kitabu chini. Mbuzi yangu ya nazi ilikuja Uingereza imeviringishwa kanga mbili. Jumapili nikiikalia jikoni, mwanangu huuliza, "Mama, si kuna tui la kopo?" Lipo, baba, namwambia, naendelea kukuna.

Ile ya Miranda na mume wa mtu haikunikolea, niliona mapema inakoelekea.

Ya mwisho, lo! Mbengali mmoja anafika Boston 1969, watu ndio wametua mwezini, anapanga chumba kwa bibi wa miaka 103, dola 8 kwa wiki. Kisha analetewa mke, Mala, waliyeozwa bila kujuana. Bibi anamkagua Mala tangu utosini hadi miguuni, kama mama mkwe wangu alivyonikagua mimi, halafu anatoa hukumu yake. Ndipo mume naye anapoanza kumtazama mkewe.

Dada yangu yuko Muscat, ameshakiomba. Nimekifunga mipira miwili kisimwagike njiani.