Uzoefu wangu: siku nne za Tanga na Pangani, na kisiwa kilichozama miguuni petu

Kabla sijagusa mapango wala magofu, nianze na maji. Kama safari yako itafika kisiwa cha Maziwe, kule Pangani, muulize mwenye boti maji yanapwa saa ngapi siku hiyo. Akikujibu "wakati wowote tu, dada", mshukuru na utafute mwingine. Sisi hatukuuliza, tukapoteza siku nzima pamoja na nauli ya boti ya watu sita.

Sita hao ni mimi na mume wangu, watoto wetu wawili wa miaka 7 na 11, mdogo wangu wa kiume, na mama, ambaye ana miaka 68 na goti linalomsumbua. Tulitoka Morogoro mwezi wa Oktoba, kusi ikiwa imeshatulia na kaskazi haijaanza. Msafara tuliununua kwa wakala mmoja kwa njia ya simu: gari, mwongozaji, malazi na boti, vyote kwa bei moja. Nitasema alipotutendea vizuri na alipotuangusha.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mapango ya Amboni, nje kidogo ya mji wa Tanga. Nilihofia kwa ajili ya mama, lakini kijana aliyetutembeza pale alinituliza tangu mlangoni. Alimtazama mama anavyotembea, akatueleza kwamba sehemu kubwa inapitika, ila kuna kijia kimoja ambacho hata mtoto hulazimika kuinama sana. Tulipofika hapo alimkalisha mama juu ya jiwe pana, akamwachia tochi ya pili na mdogo wangu wa kumliwaza, ndipo akatupitisha sisi wengine. Hakuna aliyemwagiza. Nimetembezwa sehemu nyingi na sijaona mwongozaji anayepima mguu wa mzee kabla ya kuanza hadithi.

Na hadithi anazo. Kwenye chumba cha mzimu tulikuta vitambaa, sarafu na chupa za marashi, kwa sababu watu bado wanakwenda kuomba uzazi na shida nyingine, na alituomba tupunguze sauti. Alitusimulia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humo miaka ya 1950 wakisakwa na polisi wa mkoloni. Mwanangu mkubwa aliuliza kama ni kweli pango hili linatokea Kilimanjaro, kama alivyosikia shuleni. Kijana akamjibu kwa upole kwamba wataalamu walipopima mwaka 1994 walikuta mapango kumi yaliyotengana, na refu kuliko yote lina mita 900 hivi. Nilipenda kwamba hakumdanganya mtoto ili kumfurahisha.

Vaeni viatu vinavyoshika, maana chini kunateleza. Harufu ya popo ni kali dakika za mwanzo, baadaye pua inazoea. Saa mbili zinatosha.

Tongoni ndiko nilikotaka kufika tangu nikiwa sekondari. Kutoka mjini Tanga ni mwendo usiofika kilomita 20 kwa barabara ya Pangani, halafu unakata kushoto kuelekea baharini. Jina lenyewe linajieleza: tongo ni mahame, mahali palipokuwa na watu pakabaki kuta. Wakala alikuwa amepangia nusu saa tu, "mkapige picha kisha twende". Niliomba tukae zaidi. Dereva alisita, akampigia simu bosi wake, akakubali. Tulikaa karibu saa tatu.

Kuna msikiti uliobomoka ambao kibla chake bado unakitambua, na kuuzunguka kuna makaburi kama arobaini. Mengi ni yale ya mnara, yaani kaburi la mawe ya matumbawe na chokaa lenye nguzo iliyosimama upande wa kichwani. Huko pwani yapo mahali pengi, ila kukuta mengi namna hii pamoja ni nadra. Nguzo nyingine zimeshaanguka na zimelala kwenye majani vipande vipande. Kwenye zilizosimama utaona vishimo vya duara. Mzee anayetunza pale alitwambia humo zilipachikwa bakuli na sahani za kaure kutoka China, na zote zimeng'olewa. Mama alitia kidole kwenye kimojawapo, akazunguka mviringo wake polepole, akasema, "Hapa palikuwa na bakuli la kutosha mchuzi wa watu wawili." Sote tulinyamaza. Mpaka dakika ile magofu yalikuwa mawe kwangu. Kuanzia hapo nikaona nyumba zenye vyombo, na watu waliomwekea maiti wao chombo kizuri kuliko vyote walivyokuwa navyo.

Mzee huyo alitupa historia bila karatasi. Wareno walipopita mwaka 1498 wakiongozwa na Vasco da Gama, chombo chao kimoja, São Rafael, kilikwama kwenye mafungu ya upande huu, sehemu waliyoiandika kwa jina la Mtangata. Maji yalipojaa kikanasuka. Mwaka uliofuata, wakirudi kutoka India, mabaharia wengi wakiwa wamekufa kwa maradhi, walikitia moto chombo hichohicho hapahapa kwa kukosa watu wa kukiendesha. Watoto wangu walibaki wanaitazama bahari kana kwamba moshi bado upo.

Kilichoniumiza ni bahari kuwa karibu mno. Mikoko na tope vimesogea jirani na kuta, na mzee alituonyesha ardhi inavyomegwa upande wa maji. Hakuna ukuta wa kuizuia. Tulipokwenda hapakuwa na kibao hata kimoja cha kumweleza mgeni anachokiona, bali mzee huyo tu na kumbukumbu yake. Mkifika, msimharakishe. Mkalisheni, muulizeni, na mkimaliza mpeni chochote mkononi mbali na kiingilio.

Pangani tuliingia jioni. Barabara ilikuwa inajengwa, sehemu lami na sehemu vumbi, na daraja la kuvuka mto lilikuwa bado halijakamilika, kwa hiyo magari ya kwenda Bweni yalivuka kwa kivuko. Mji umelala kwenye mdomo wa mto, minazi ng'ambo na ng'ambo. Asubuhi yake tulitembea mjini kwa mguu na mwongozaji mwanamke, mwenyeji wa hapohapo, aliyekuwa anasalimiwa kila baada ya hatua kumi.

Alitupeleka Boma, kwenye mlango wa nakshi, kisha kando ya mto kwenye majengo ya zamani yaliyopokea pembe na watumwa. Halafu akatusimamisha mahali penye kivuli, akatueleza habari za Abushiri bin Salim. Mwaka 1888 Sultani wa Zanzibar aliikodisha pwani hii kwa kampuni ya Wajerumani, na mwakilishi wao hapa Pangani, Emil von Zelewski, aliendesha mambo kwa dharau iliyowachoma watu. Mji ukawaka, na vita vikasambaa pwani, Abushiri akiviongoza. Abushiri alikamatwa mwaka uliofuata, akanyongwa hapahapa Pangani Desemba 1889. Zelewski naye, ambaye watu walimbandika jina la Nyundo, aliuawa Lugalo mwaka 1891 na askari wa Mkwawa. Mume wangu ni mtu wa Iringa. Habari za Lugalo anazijua tangu utotoni, lakini hakujua kwamba Nyundo wa kwao alianzia Pangani. Alimfanya yule dada arudie sehemu hiyo mara mbili.

Nyumba nyingi za mji mkongwe zinabomoka. Kuna ambazo mti umeota ndani na kutokezea juu ya dari. Milango mizuri bado ipo, ila usipoonyeshwa unaipita. Bila yule dada tungetembea mtaa mzima na kuona kuta chakavu tu.

Sasa Maziwe. Wakala alituandikia boti iondoke saa saba mchana, "mle chakula kisiwani na kuogelea hadi jioni". Boti yenyewe ilichelewa, tukaondoka karibu saa nane. Mlangoni mwa mto, maji ya mto yanapokutana na bahari, mawimbi yalituinua na kututupa, mama akawa anasoma dua kimoyomoyo. Tulifika saa tisa kupita. Kisiwa hakikuwepo. Palikuwa na ukanda wa mchanga mweupe wa upana wa mkeka, maji yanaulamba pande zote mbili. Watoto walishuka wakicheka, wakakimbia huku na huku. Mdogo wangu alikuwa anafungua sufuria ya pilau pale maji yalipopita chini ya kitambaa tulichotandika. Saa kumi na nusu tulikuwa tumesimama baharini, maji magotini, vyombo kichwani, tunasubiri boti isogee, na mchanga umeshatoweka kabisa. Mwanangu mdogo alilia. Jaketi za kujiokolea zilikuwa nne, na sisi sita. Hilo la jaketi lingenifanya nikatae kupanda tangu mwanzo kama ningehesabu. Nimejilaumu sana, na ninamwambia kila mzazi: hesabu kabla mguu haujaacha nchi kavu.

Jioni ile mwenye nyumba ya wageni alitusikiliza, akamwita mzee mmoja nahodha, jirani yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza swali moja tu: "Mlitoka saa ngapi?" Nilipomwambia akatikisa kichwa. "Mwanangu, leo mwezi kumi na tano. Bamvua hiyo. Saa kumi fungu hulioni." Akatufafanulia kwamba mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa sana na kupwa sana, na siku kama hizo huku kwetu hupwa kati ya saa nne na saa sita mchana, kisha hujaa jioni. Kila siku saa husogea mbele kwa karibu saa nzima. Siku za maji mafu, katikati ya mwezi na mwezi, bahari haipandi wala kushuka sana. Anayetaka kisiwa kikubwa aje bamvua, asubuhi. Yule wakala alichagua siku nzuri kabisa, ila saa mbaya kuliko zote.

Tukalipa upya. Tuliondoka saa tatu asubuhi, jaketi sita na moja ya ziada, boti ya mashine na tanga likiwa limekunjwa ndani kwa dharura. Saa nne tulikuta kisiwa kipana, cheupe hadi macho yanauma, shakwe wamejipanga ukingoni. Ni mahali palepale, na watoto hawakuamini. Maji upande wa matumbawe yalikuwa kama kioo. Tulipewa miwani ya kuchungulia, tukaona pono, vikande, na taa mmoja aliyelala mchangani. Mama alikaa chini ya turubai ambalo nahodha alilifunga kwa miti aliyokuja nayo, kwa kuwa Maziwe haina kivuli hata kidogo. Zamani ilikuwa na mivinje, na kasa walipanda kutaga kwa wingi. Miti ilikwisha, mchanga ukamomonyoka, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikabaki fungu. Nahodha anaikumbuka miti. Alituonyesha kwa mkono ilikoishia. Kasa bado wanapanda, lakini mayai yakiachwa yanafunikwa na maji, kwa hiyo watu wa Ushongo huyahamishia pwani yao hadi yaanguliwe. Saa saba kamili alisema "tupandeni", na hakuna aliyebishana naye.

Tathmini yangu ni hii. Mwongozaji wa Amboni, yule dada wa Pangani na nahodha nawapa alama zote. Gari na dereva vilikuwa vizuri, na malazi yalikuwa safi. Wakala, kwa upande wa boti, hapana. Nilimwandikia, akaomba radhi, na baada ya wiki mbili akarudisha nusu ya fedha za siku ile. Ningependa zaidi anihakikishie kwamba hawapeleki tena familia nyingine saa saba na jaketi nne. Hakunijibu hilo.

Kama ningeanza upya, ningekwenda Tanga kwa basi, nikakodi gari palepale, na waongozaji ningewatafuta kila mji kwa wenyeji wake. Tongoni ningeipa asubuhi nzima, na nisingekwenda bila chupa za maji na kofia. Boti ningeisemesha jioni ya kuamkia siku yenyewe, uso kwa uso, nikishika jaketi mkononi kuona kama mikanda yake inafunga. Mkiwa wengi mnagawana, na gharama inashuka sana. Wawili peke yenu mtaumia.

Mama ameshaanza kuulizia safari nyingine, na goti halitaji. Anataka kurudi Tongoni, na safari hii awachukue dada zake wawili. Juzi alinipigia simu usiku kuniuliza mwezi wa leo ni wa ngapi.