Keria ya pikipiki ya kuchomelesha Mtwara: lipia miguu, usilipie uzito

Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 zinazotembea huku kwetu huja na keria ndogo ya kiwandani nyuma ya siti. Hiyo inafaa kwa koti la mvua na kifurushi cha sokoni. Mtu anayetaka kubeba madumu, kreti za soda, mfuko wa saruji au gunia la korosho anatafuta kitu kingine, na hapa Mtwara mjini atakutana na vitu vitatu: keria ya dukani iliyokwisha tengenezwa, keria ya nondo ambayo mchomeleaji ameshaitundika ukutani inasubiri mteja, na keria ya bomba inayopimwa kwenye pikipiki yako na kutengenezwa ukiwepo. Tunaipendekeza ya tatu, kwa sharti kwamba unajua cha kumwambia fundi. Ukimwachia aamue mwenyewe, uwezekano mkubwa utarudi na keria nzito, nzuri machoni, yenye kasoro pale pale inapoungana na pikipiki.

Ya dukani tusiikalie sana. Ni nyepesi, rangi yake imelala vizuri, na matundu yake marefu yanakuruhusu kuisogeza mbele na nyuma ukiwa unafunga. Shida yake ni kwamba nyingi hushikwa na bolti mbili tu chini ya siti, na bomba lake ni jembamba. Kwa mtu wa ofisini anayebeba begi la kompyuta kutoka Shangani mpaka mjini, inatosha na wala asisumbuke zaidi. Kwa bodaboda haifai.

Keria ya nondo ndiyo iliyozoeleka, na sifa yake ni kwamba "hiyo chuma tupu, haivunjiki." Hebu tuweke hesabu mezani. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa gramu 888 kwa mita. Bomba la duara lenye kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 2, ambalo dukani utaliulizia kama geji 14, lina uzito huo huo wa gramu 888 kwa mita. Uzito sawa, chuma ile ile. Lakini bomba linakataa kupinda mara nne na nusu zaidi ya nondo, kwa sababu chuma yake imekaa mbali na katikati. Kwa hiyo fundi akitaka keria ya nondo iwe ngumu kama ya bomba, inambidi aongeze vyuma vya kukatisha, na hapo ndipo keria inapofika kilo nane au kumi kabla hujaweka mzigo wowote. Isitoshe, nondo ina matuta yake ya kushikia zege. Matuta hayo hukata kamba, hutoboa magunia, na hushika maji ya chumvi rangi isikopita. Nondo ibaki kwenye nguzo za nyumba.

Bomba huuzwa la mita sita. Keria ya kitanda cha sentimita 45 kwa 35 inakula mita 1.6 kwa fremu ya kuzunguka, mita 1 na sentimita 5 kwa vyuma vitatu vya kukatisha, mita moja kwa miguu miwili ya nyuma, na kama sentimita 40 kwa mikono miwili ya mbele. Jumla ni mita nne na ushee, yaani bomba moja linatosha na kipande cha karibu mita mbili kinabaki. Kipande hicho ni chako, kidai. Ongeza flatibaa (chuma bapa) ya upana wa milimita 40 na unene wa milimita 5, robo mita tu, kwa ajili ya masikio ya kufungia, yaani vile vipande vyenye tundu la bolti. Keria nzima ikimalizika haipaswi kuzidi kilo nne na nusu. Ukiinyanyua ukahisi inakuvuta mkono, kuna chuma umelipia bila sababu.

Usikubali bomba la maji la nusu inchi kwa sababu tu fundi analo dukani. Lile lina kama kilo 1.2 kwa mita, na limepakwa zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomletea mchomeleaji homa na kutetemeka usiku ule, na isipokwanguliwa kwanza huacha mshono wa kuchomelea wenye vitundu kama sponji.

Sasa tuje kwenye miguu, maana hapa ndipo kila kitu kinapoamuliwa. Keria inayofungwa sehemu mbili tu, chini ya siti, inafanya kazi kama mtu aliyenyoosha mikono akashikishwa ndoo. Kila shimo la barabara linaongeza uzito wa mzigo kwa ghafla, na nguvu yote inaishia kwenye bolti mbili za mbele. Ufa hautokei katikati ya bomba; unatokea pembeni mwa mshono, milimita chache kutoka kwenye sikio, mahali ambapo chuma ilipata moto ikabadilika. Kwanza rangi inapasuka mstari mwembamba kama unywele, kisha mstari unatoa kutu, halafu siku moja mzigo uko chini. Dawa yake ni sehemu nne za kufungia: mbili mbele kwenye fremu chini ya siti, na mbili za miguu inayoshuka kwa mshazari kuanzia nyuma ya kitanda hadi kwenye fremu.

Tunasema kwenye fremu kwa makusudi. Bolti ya juu ya shokapu imekaa kwenye fremu, ila ya chini imekaa kwenye swingiamu, ile mikono inayopanda na kushuka na tairi. Keria ikishikwa juu kwenye fremu na chini kwenye swingiamu, shokapu haziwezi kucheza. Pikipiki inakuwa ngumu kama mkokoteni na lazima kitu kimoja kikatike, ama mguu wa keria ama sikio la fremu. Kosa hili linaonekana barabarani zaidi ya tunavyopenda. Baadhi ya pikipiki hata vikanyagio vya abiria vimefungwa kwenye swingiamu, kwa hiyo usidhani. Kipimo ni rahisi: mtu mmoja akae kwenye siti adunde, mwingine achuchumae pembeni atazame. Kinachopanda na kushuka pamoja na siti ni fremu. Kinachobaki na tairi usikifunge keria.

Miguu ikija kwenye bolti ya juu ya shokapu, ambayo ndiyo sehemu rahisi, angalia unene wa sikio. Bolti ile mara nyingi ni ya milimita 10, na kiwanda hakikuacha uzi wa ziada. Ukiingiza flatibaa ya milimita 5, nati inashika nusu tu na itafunguka. Hapo tumia bamba la milimita 3, na uhakikishe uzi umejaa nati nzima hadi mwisho. Nati ya kofia haikuonyeshi ndani, kwa hiyo ifunge kwanza nati ya kawaida uone uzi umetokeza, ndipo urudishe kofia.

Sehemu za mbele tumia bolti za milimita 8 zenye alama 8.8 kichwani, si zile laini za madirisha. Tundu litobolewe milimita 8.5 au 9, lisitobolewe kwa moto wa kijiti cha kuchomelea, maana tundu la moto huwa na kingo ngumu zinazopasuka. Kati ya sikio na fremu kukiwa na nafasi kwa ajili ya kava la pembeni, fundi akate bushi ya bomba ijaze nafasi ile. Bila bushi, kila ukikaza unakunja sikio, na keria inaanza kazi ikiwa tayari imevutwa. Ishara ya keria iliyopimwa vizuri ni kwamba bolti zote nne zinaingia kwa vidole kabla spana haijaguswa. Fundi akianza kupiga nyundo au kuvuta kwa wenzo ili matundu yakutane, mwambie akate ashone upya. Usione aibu; ni hela yako.

Kabla ya kushona moja kwa moja, fundi ashikize kwa matone machache keria ikiwa juu ya pikipiki, kisha aivue akamalizie chini. Kushona kabisa ikiwa juu ya pikipiki ni hatari kwa CDI (kisanduku kinachoendesha moto wa plagi) na rektifaya (kinachogeuza umeme wa kuchaji betri), na cheche hutoboa siti na zinaweza kuwasha petroli ya tangi. Hata kwa yale matone, waya wa betri wa hasi utolewe, na klipu ya ardhi ishikwe kwenye keria yenyewe, karibu na panaposhonwa. Wakati imeshikizwa, fungua siti. Keria nyingi za hapa zina bomba la mbele linalopita juu ya mkia wa siti, na mwenye pikipiki hugundua siku betri inapokufa kwamba inabidi avue keria nzima ili aifikie. Tazama pia kibao cha namba, taa ya nyuma na indiketa kutoka mita chache nyuma. Vikifichwa, trafiki wa kwanza utakayekutana naye atakuwa na neno.

Kuhusu mshono: kwa bomba la milimita 2, kijiti cha geji 12 (milimita 2.5 hivi) na moto wa ampia 60 hadi 80 vinatosha. Kijiti cha geji 10 kinatoboa bomba, na fundi huziba tundu kwa kulundika. Mshono mzuri ni bapa, una mawimbi madogo yanayofuatana, na unazunguka bomba lote. Mshono uliovimba kama tambi iliyolazwa juu ya chuma haujazama. Hilo hutokea moto ukiwa mdogo, na hapa sababu mara nyingi ni waya mrefu mwembamba uliovutwa kutoka nyumba ya tatu, si TANESCO. Kabla ya rangi, mwombe agonge magamba yote, ule ukoko unaobaki juu ya mshono, na akuonyeshe kila kona. Baada ya rangi ni kazi bure kukagua.

Mahali pa mzigo nako kuna hesabu. Chukua pikipiki yenye mita 1.3 kati ya tairi na tairi. Weka mzigo wa kilo 60 ambao kitovu cha uzito wake kiko sentimita 30 nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma. Tairi la nyuma linabeba kilo 74 za nyongeza, si 60, kwa sababu la mbele limenyanyuliwa kilo 14. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inayumba ukipanda kuelekea Newala. Kwa hiyo kitanda kianze pale pale siti inapoishia, na tunapendelea kisizidi sentimita 45 kwa urefu. Keria ndefu "ya kubebea viwili" ni ya kukataa. Kisha soma ubavuni mwa tairi: namba kama 50P maana yake kilo 190 kwa tairi hilo, 56P ni kilo 224. Humo ndani toa sehemu ya uzito wa pikipiki inayolala nyuma, wewe, na abiria kama yupo. Gunia la korosho la kilo 80 na abiria juu ya siti kwa pamoja haviingii kwenye hesabu hiyo, na keria si siti ya mshikaki wa tatu.

Rangi ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi wa Mtwara wanaiona ni mapambo. Kwa hewa ya bahari si mapambo. Brashi ya waya na msasa mpaka chuma ing'ae, praima nyekundu mikono miwili na kila mmoja ukauke, kisha rangi ya mafuta mikono miwili. Rangi ikipulizwa juu ya magamba ya mshono, kutu huanzia hapo kabla ya masika kuisha. Ncha za bomba zizibwe kwa kushonwa, zisiachwe wazi, maana kutu la ndani hulioni mpaka bomba litoboke. Anayebeba samaki, au anayevuka Msangamkuu mara kwa mara, aisuuze keria kwa maji baridi yasiyo na chumvi jioni, hasa chini ya masikio ambako maji hukaa.

Usalama wa kufunga: washa ya springi sehemu zote nne, na nati ya kujifunga popote pasipo na nati ya kofia, kisha ukaze tena baada ya kilomita 100 za kwanza, kwa kuwa rangi iliyo chini ya washa hubonyea na bolti inalegea yenyewe. Baada ya hapo, kila unapobadilisha oili pitisha spana na utazame ule mstari wa rangi pembeni mwa mshono. Ukiona ufa, usikubali kushonewa juu yake. Uchimbwe kwa grenda mpaka uishe, ndipo ushonwe na kuwekewa kipande cha pembe tatu cha kuimarisha.

Ukienda kuagiza, nenda na bei mbili kichwani, ya chuma na ya kazi, na umwombe fundi ataje kila moja peke yake. Chuma nunua mwenyewe dukani ukiweza na upime unene wake mlangoni, kwa kuwa geji 16 ina milimita 1.6 na kwa macho haitofautiki na geji 14. Na uende mapema. Kuanzia Oktoba korosho zikianza kushuka maghalani, kila mwenye pikipiki anataka keria leo leo, na keria ya leo leo ndiyo inayopakwa rangi juu ya magamba.